Texas, California, New York au Delaware: fedha zisizodaiwa za biashara yako zinaripotiwa wapi, lini na vipi

Hundi ya mshahara ambayo dereva hakuipeleka benki. Marejesho ya mteja yaliyorudishwa na posta. Ankara iliyolipwa mara mbili na hakuna aliyeulizia ile ziada. Fedha hizi zimo kwenye akaunti ya biashara lakini si za biashara, na Marekani kila jimbo lina sheria inayomtaka mfanyabiashara amtafute mwenye fedha hizo, na akikosekana, azitangaze na kuzikabidhi kwa serikali ya jimbo. Kukabidhi si kodi. Jimbo huzitunza kwa jina la mwenyewe, naye anaweza kuzidai baadaye. Biashara iliyokabidhi kwa nia njema inaondokewa na deni.

Aliyezoea Kenya, ambako mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa ni moja, UFAA, chini ya sheria ya mwaka 2011, hushangaa kukuta Marekani hakuna ofisi ya kitaifa ya kazi hii. Kila jimbo lina tarehe zake, muda wake na ukali wake. Hapa tunalinganisha manne: Texas, California na New York kwa sababu wafanyakazi na wateja wengi wanaishi huko, na Delaware kwa sababu kampuni nyingi zimesajiliwa huko ingawa hazina hata dawati ndani ya jimbo hilo.

Anwani ndiyo inayochagua jimbo

Kosa linaloongoza ni kudhani kwamba biashara ya Houston inaripoti kila kitu Texas. Sivyo. Mwaka 1965, katika kesi ya Texas dhidi ya New Jersey, Mahakama ya Juu ya Marekani iliweka ngazi mbili, na mwaka 1993 ikazithibitisha katika kesi ya Delaware dhidi ya New York. Kwanza, fedha huenda kwenye jimbo la anwani ya mwisho ya mwenye mali kama inavyoonekana kwenye vitabu vya biashara. Pili, kama vitabu havina anwani, zinakwenda kwenye jimbo ambako kampuni ilisajiliwa.

Kwa hiyo mahali ofisi ilipo si kipimo. Kampuni yenye ghala Dallas, iliyosajiliwa Delaware, yenye mfanyakazi wa zamani aliyehamia Los Angeles na mteja wa Brooklyn, inaweza kujikuta inadaiwa taarifa na majimbo yote manne. Na unachoweza kuchagua ni vitu vitatu tu: usajili uufanye jimbo gani, vitabu uviweke vipi, na ukishachelewa uingie kwa mlango upi.

Hundi moja, njia nne

Chukua hundi ya mshahara ya dola 412 iliyotolewa Februari 14, 2024, haijalipwa na benki mpaka leo. Tofauti ni anwani ya mfanyakazi tu.

Akiwa na anwani ya Houston: Texas inauhesabu mshahara kuwa umelala, yaani umefika ukomo wa kungoja mwenyewe, baada ya mwaka 1. Hundi inafika ukomo Februari 14, 2025, kabla ya tarehe ya kufunga hesabu ambayo ni Machi 1, kwa hiyo inaingia kwenye taarifa ya mwaka huo. Barua ya kumtafuta inatakiwa iwe imetumwa ifikapo Mei 1, 2025, na taarifa pamoja na fedha ifikapo Julai 1, 2025.

Akiwa na anwani ya Los Angeles: California nayo ni mwaka 1 kwa mshahara, lakini hesabu inafungwa Juni 30. Taarifa ya kwanza inakwenda kabla ya Novemba 1, 2025, na fedha zenyewe kati ya Juni 1 na Juni 15, 2026. Barua kwa mfanyakazi ilipaswa kutoka kati ya miezi 12 na miezi 6 kabla ya taarifa hiyo ya Novemba. Yaani ukingoja hadi kiangazi cha 2025 ndipo uandike, umeshachelewa.

Akiwa na anwani ya Brooklyn: New York inangoja miaka 3. Hundi inalala Februari 14, 2027, hesabu inafungwa Desemba 31 ya mwaka huo, na taarifa inatakiwa Machi 10, 2028. Barua ya posta ya kawaida iwe imeondoka angalau siku 90 kabla, maana yake mapema Desemba 2027.

Akiwa na anwani ya Wilmington, au akiwa hana anwani kabisa kwenye vitabu na kampuni ni ya Delaware: miaka 5. Hundi inalala Februari 2029, hesabu inafungwa Desemba 31, 2029, na taarifa ni Machi 1, 2030.

Karibu miaka mitano inatenganisha Houston na Wilmington kwa hundi ileile. Ndiyo sababu kalenda ya jumla ya "tunaripoti mara moja kwa mwaka" haifanyi kazi. Kila mstari kwenye orodha yako ya hundi zisizolipwa unahitaji safu tatu: aina ya fedha, tarehe ya kutolewa, na jimbo la anwani. Ukiwa nazo, ukomo unajihesabu wenyewe.

Jedwali la haraka

| | Texas | California | New York | Delaware |
|---|---|---|---|---|
| Ofisi | Comptroller | State Controller | State Comptroller | Department of Finance |
| Mshahara | mwaka 1 | mwaka 1 | miaka 3 | miaka 5 |
| Hundi za wauzaji | miaka 3 | miaka 3 | miaka 3 | miaka 5 |
| Kufunga hesabu | Machi 1 | Juni 30 | Desemba 31 | Desemba 31 |
| Taarifa | Julai 1 | kabla ya Novemba 1 | Machi 10 | Machi 1 |
| Fedha | pamoja na taarifa | Juni 1–15 mwaka unaofuata | pamoja na taarifa | pamoja na taarifa |
| Barua ya lazima | zaidi ya dola 250 | dola 50 na zaidi | angalia chini | dola 50 na zaidi |

Tarehe hizi ni za biashara za kawaida. Benki na kampuni za bima zina ratiba zake. California, kwa mfano, bima ya maisha huripotiwa kabla ya Mei 1 na fedha kupelekwa Desemba.

California na hatua zake mbili

Jimbo linalowapiga chenga wageni wengi ni California. Taarifa ya Novemba ni ya kutangaza tu: majina, anwani, kiasi. Fedha zinabaki kwako. Ofisi ya Controller hutumia taarifa hiyo kuwaandikia wenye mali moja kwa moja, na kati ya Novemba na Juni wengine hukupigia simu. Unawalipa, unawaondoa kwenye orodha, na Juni unapeleka taarifa ya pili yenye waliobaki pamoja na malipo.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni kutuma fedha mwezi Novemba ukidhani umemaliza, wakati sheria inataka ubaki nazo ili mwenyewe apate nafasi ya kuja kwako. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kusahau Juni. Kwa mhasibu aliyefunga mafaili Novemba, Juni inakuja bila kengele. Riba ya California kwa aliyechelewa ni asilimia 12 kwa mwaka, na inahesabiwa tangu siku fedha zilipopaswa kuripotiwa. Weka tarehe zote mbili kwenye kalenda siku ileile unapotuma ya kwanza.

Kwa upande wa juhudi za kumrudishia mwenyewe, mfumo huu ni bora kuliko wa Texas. Ila kwa mfanyabiashara ni kazi maradufu, na hakuna njia ya kuikwepa.

Barua: nani anataka nini

Texas ndiyo nyepesi: barua moja, kwa fedha zinazozidi dola 250, ifikapo Mei 1. Delaware inataka barua kwa dola 50 na zaidi, kati ya siku 120 na siku 60 kabla ya kuripoti. Kwa taarifa ya Machi 1 hiyo ni Novemba na Desemba, wakati ambao ofisi nyingi zina shughuli za kufunga mwaka na barua husahaulika. New York ina tabaka mbili: barua ya kawaida siku 90 kabla, kisha kwa anayedai zaidi ya dola 1,000 barua nyingine ya certified mail, yaani posta yenye uthibitisho wa kupokelewa, angalau siku 60 kabla. Posta ikirudisha barua kwa sababu anwani si sahihi, bahasha hiyo usiitupe. Iweke kwenye jalada. Ndiyo ushahidi wako.

Barua yenyewe iwe fupi: jina la kampuni, kiasi, fedha zinatokana na nini, tarehe ya mwisho ya kujibu, na onyo kwamba baada ya hapo zitakwenda jimboni. California ina matakwa yake kuhusu maneno na fomu ambayo mwenye mali anajaza na kurudisha, kwa hiyo barua ya Texas isinakiliwe ikapelekwa Los Angeles ilivyo.

Kwa wafanyakazi wanaozungumza Kiswahili au Kifaransa, ongeza nakala ya lugha yao chini ya ile ya Kiingereza. Watu wengi huitupa barua inayotaja "jimbo" na "fedha" wakidhani ni matapeli, na kwa kweli matapeli wa aina hiyo wapo.

Kadi za zawadi na swali la usajili

Duka, saluni au mgahawa unaouza kadi za zawadi usome sehemu hii kabla ya kusajili kampuni. Kadi ya zawadi kwa kawaida haina jina wala anwani ya aliyeinunua. Maana yake inaangukia ngazi ya pili: jimbo la usajili. California kwa jumla haihesabu kadi za zawadi zisizo na tarehe ya kuisha kuwa fedha za kukabidhi. Texas huzihesabu baada ya miaka 3 bila matumizi, au mapema zaidi kama kadi ina tarehe ya kuisha. New York na Delaware ni miaka 5.

Kwa hiyo saluni ya Oakland iliyosajiliwa California haina mzigo huu. Saluni jirani yake, yenye wateja walewale, iliyosajiliwa Delaware kwa sababu mtu alisema mtandaoni kwamba "Delaware ndiyo ya wajanja", inabidi ifuatilie kila kadi kwa miaka mitano. Kwa biashara ndogo inayofanya kazi katika jimbo moja, maoni yetu ni kwamba usajili wa Delaware una faida chache kuliko unavyotangazwa, na suala hili ni mojawapo ya gharama ambazo wauza usajili hawazitaji. Kwa kampuni inayotafuta wawekezaji hesabu ni nyingine.

Pia kuna deni kati ya biashara na biashara. Ohio na Virginia, kwa mfano, zina msamaha kwa baadhi ya fedha hizo. Majimbo yetu manne hayana msamaha mpana wa aina hiyo, kwa hiyo hundi ya msambazaji wa Brooklyn ambayo haikulipwa inahesabika sawa na nyingine.

Ukiwa nyuma miaka kadhaa

Hapa ndipo uchaguzi una uzito wa fedha. Kuna milango mitatu: kutuma taarifa iliyochelewa na kungoja hesabu ya adhabu, kuomba makubaliano ya kujitangaza kwa hiari, au kungoja mkaguzi.

Usifikirie kungoja mkaguzi, hasa Delaware. Jimbo hilo huanza kwa barua ya mwaliko wa kujiunga na mpango wa hiari unaosimamiwa na Katibu wa Jimbo. Kampuni ina siku 90 kujibu. Ikikaa kimya, inaweza kupelekwa kwenye ukaguzi wa Department of Finance. Barua hii huonekana kama tangazo na wengi huitupa pamoja na matangazo ya bima. Ni barua ambayo ikifika inatakiwa ifike kwa mwanasheria au mhasibu wiki hiyohiyo.

Tofauti ya njia hizo mbili Delaware ni hii. Ndani ya mpango wa hiari, riba na adhabu husamehewa na kampuni hupitia vitabu vyake yenyewe. Kwenye ukaguzi, riba ni asilimia 0.5 kwa mwezi, hadi nusu ya deni, na adhabu ya kutoripoti ni dola 100 kwa siku, isiyozidi dola 5,000. Na pale ambapo vitabu vya zamani havipo, jimbo hukadiria: linachukua kiwango cha miaka yenye kumbukumbu na kukitumia kwa miaka isiyo nazo. Mwaka 2016, katika kesi ya Temple-Inland, mahakama ya shirikisho ilikosoa vikali namna Delaware ilivyokuwa ikikadiria, na mwaka 2017 sheria ikaandikwa upya, lakini ukadiriaji wenyewe haukufutwa. Kumbukumbu za miaka 10 ndizo kinga.

California ina mpango wa hiari ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2022. Unaondoa ile riba ya asilimia 12, kwa masharti: usiwe umeshapokea taarifa ya ukaguzi, uhudhurie mafunzo, na upitie vitabu vya angalau miaka 10. Kwa deni la zamani, asilimia 12 mara miaka saba au minane inakaribia kulipa deni lenyewe mara ya pili, kwa hiyo hapa mpango huu unashinda kutuma taarifa iliyochelewa bila mazungumzo.

Texas ni nafuu kidogo. Adhabu ni asilimia 5 ya thamani, na asilimia 5 nyingine ukivuka siku 30, pamoja na riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Comptroller anaweza kusamehe kwa aliyejaribu kwa nia njema. Kwa hundi tatu za mshahara zilizochelewa mwaka mmoja, piga simu, eleza, tuma. Makubaliano rasmi ni ya deni kubwa. New York nayo inatoza riba ya asilimia 10 kwa mwaka na ina njia ya kujitangaza kwa hiari.

Msiba wa kujitakia ni ule wa kuifuta hundi na kuiingiza kwenye mapato. Mhasibu anaona hundi ya miezi nane, imeandikwa "haifai baada ya siku 90", anaifuta na kiasi kinageuka kuwa faida. Maneno yale yanaihusu benki, deni liko palepale. Orodha ya misimbo ya kitaifa inayotumika kwenye taarifa hizi hata ina namba ya pekee, CK14, kwa hundi zilizogeuzwa kuwa mapato, ishara kwamba wakaguzi wanajua pa kutafuta. Ukifuta hundi kwa sababu halali, mfano ilitolewa mara mbili au ilibadilishwa na nyingine, andika sababu na namba ya hundi mbadala siku hiyohiyo. Miaka sita baadaye hakuna atakayekumbuka, na hundi iliyofutwa bila maelezo huhesabiwa kuwa deni.

Ufanye mwenyewe au ulipe mtu

Kama una mistari chini ya ishirini katika jimbo moja au mawili, fanya mwenyewe. Tovuti za majimbo hukuruhusu kujaza kwa mkono au kupakia faili la muundo wa NAUPA, muundo wa pamoja unaotumiwa na majimbo, na kuna programu za bure za kulitengeneza. Misimbo utakayohitaji mara nyingi ni michache: MS01 kwa mshahara, CK13 kwa hundi za wauzaji, MS09 kwa masalio ya wateja, MS11 kwa marejesho, MS12 kwa kadi za zawadi. Kwa mshahara, kiasi ni kile kilichokuwa kwenye hundi baada ya makato.

Faili hukataliwa kwa mambo madogo. Lililo kubwa ni sifuri ya mwanzo. Ukifungua orodha kwenye Excel, ZIP (msimbo wa posta) ya Boston 02118 inageuka 2118, na namba ya Social Security inayoanza na sifuri inabaki na tarakimu nane. Weka safu hizo kuwa maandishi kabla ya kuingiza data, wala usilifungue faili la NAUPA kwenye programu ya kuandikia ukalihifadhi upya, kwa sababu kila herufi ina nafasi yake kwenye mstari. Lingine ni jumla ya faili kutolingana na malipo kwa senti kadhaa; taarifa inakaa bila kushughulikiwa na tarehe inakupita.

Lipa mtaalamu ukiwa na majimbo matano au zaidi, ukiwa umepokea mwaliko wa Delaware, ukiwa unanunua biashara ya mtu mwingine (deni la zamani linaweza kukufuata), au ukiuza kadi za zawadi chini ya kampuni ya Delaware. Mwulize bei kwa jimbo na kwa mstari, nani anatuma barua, na nani anabaki na nakala za taarifa. Jibu la mwisho liwe wewe. Jalada lenye taarifa, uthibitisho wa malipo, barua na bahasha zilizorudi likae miaka 10, kwa sababu mwenye hundi ya dola 412 akirudi mwaka wa nane akiwa na hasira, utakachomwonyesha ni ukurasa wenye jina lake na tarehe ulipokabidhi, kisha atadai jimboni.